Shule ya ng'ambo inauliza tunataka vitabu gani, na vya awali bado vimo stoo. Tuwajibu nini?

#1 Mjumbe wa Busisi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi moja upande wa Sengerema, jina la shule naliacha. Kuna shule ya Ujerumani ambayo wanafunzi wake mwaka huu wanajifunza kuhusu Tanzania. Wamemwandikia mwalimu mkuu wetu kwamba wanakusanya vitabu na wangependa kututumia. Ila hawa wametuuliza kwanza: mnataka vitabu gani?

Swali zuri, lakini limeigawa kamati. Miaka ya nyuma tulipokea maboksi kutoka kwa wafadhili wengine. Ngoma zilipigwa, diwani alikuja, picha zikapigwa. Leo maboksi yale yako stoo nyuma ya majembe, na mengi hayajafunguliwa. Wajumbe wengine wanasema tuombe fedha tununue wenyewe. Wengine wanasema zawadi haikataliwi, walete chochote. Mwalimu mkuu anataka vya Kiingereza kwa sababu watoto wanakwenda sekondari. Mimi nimewaambia kabla hatujajibu, tujue kwanza kwa nini vile vya mwanzo havikusomwa.

Walimu na wazoefu wa Kanda ya Ziwa, naombeni mawazo. Barua inatakiwa kujibiwa kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita.

#2 Kijana wa Makoroboi
Jibu ni moja tu, lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma masomo karibu yote kwa Kiswahili, unampa kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia mbili, afanye nacho nini? Waandikieni walete vya Kiswahili, kikao kifungwe.

#3 Mwl wa Nyakato
Mkuu #2, lugha imo ila haitoshi. Ngoja nieleze kinachotokea shuleni, maana nimewahi kukabidhiwa maboksi ya namna hiyo.

Kitabu kikifika kinaandikwa kwenye leja, kinagongwa muhuri wa shule, kinapewa namba. Pembeni linaandikwa jina la mwalimu aliyekipokea. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anafungua leja, anafungua kabati, analinganisha. Kikikosekana kimoja, anayeulizwa ni mwalimu. Haulizwi mtoto aliyekwenda nacho nyumbani Igombe kikaloa na mvua. Sasa wewe ungegawa? Utafunga kabati na ufunguo utakaa nao mfukoni. Siwalaumu wenzangu kabisa. Utaratibu wetu unamsifu mwenye vitabu visafi kabatini kuliko yule ambaye vyake vimechakaa kwa kushikwa na watoto.

Na hata ukitaka kugawa, utagawa saa ngapi? Darasa lina watoto zaidi ya mia, ratiba imejaa, na mwisho wa siku shule inapimwa kwa matokeo ya darasa la saba. Hakuna anayeuliza watoto wamesoma hadithi ngapi.

#4 Dagaa wa Mwaloni
Mimi niliwahi kufungiwa karanga pale Kirumba kwenye ukurasa wa kitabu cha Kiingereza, karatasi nzito ya kung'aa, picha ya twiga wa rangi. Niliumia moyo. Nilinunua karanga zote zilizobaki ili nipate kurasa nyingine nimpelekee mwanangu.

#5 Kijana wa Makoroboi
#4 umeanzisha maktaba ya karanga mkuu, hongera.

#6 Mkutubi Mstaafu
Nimefanya kazi kwenye maktaba za umma hadi nikastaafu. Naomba nitenganishe mambo yanayochanganywa hapa.

Kwanza, kuna vitabu vya kiada na vya ziada. Vya kiada vinaandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania kufuata mtaala, na hivyo mfadhili wa nje hawezi kuwatafutia, hasa sasa ambapo mtaala mpya umeanza kutumika 2024. Shule ya Ujerumani ikijitahidi kuwaletea vitabu vya hisabati, mtakuwa na vitabu vya hisabati ambavyo mwalimu hawezi kuvifuata. Waombeni vya ziada tu, yaani hadithi, picha, wanyama, sayansi ya kawaida, ramani.

Pili, wafadhili hawafanani. Book Aid International ya Uingereza, iliyoanza 1954 ikiitwa Ranfurly, hutuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji. Books For Africa ya Marekani, iliyoanzishwa 1988 kule Minnesota, hupakia makontena makubwa, na humo vimo vipya na vilivyotumika. Halafu kuna kundi la tatu: makanisa, shule, familia zinazosafisha makabati yao. Kundi hili lina moyo mkubwa kuliko yote na maboksi yake ndiyo yanayotoa jasho.

Nimefungua mengi ya hayo. Utakuta ensaiklopidia, juzuu ya A hadi C peke yake. Utakuta atlasi yenye Zaire na Yugoslavia. Nimewahi kukuta mwongozo wa kodi ya mapato wa nchi nyingine, mpya, ndani ya nailoni. Vingi vina muhuri mwekundu wa maktaba ya kule unaosema kitabu kimeondolewa rafuni. Kama kule kiliondolewa kwa sababu kimepitwa na wakati, huku kinafufukaje? Kuondoa kitabu kisichofaa ni kazi ya kawaida ya mkutubi, na shule ina haki hiyo hiyo. Lakini mwalimu anaogopa kukiondoa kwa sababu ya ile leja aliyoitaja #3. Matokeo yake kibovu kinabaki na kizuri, na mtoto akifungua boksi mara mbili akakutana na kodi ya mapato, mara ya tatu harudi.

#7 Mzee wa Kagunguli
Vijana, mnazungumza utadhani kusoma kumeanza na kontena.

Mwanza hii ndiyo iliyokuwa makao ya mradi wa kisomo wa UNESCO, 1968 hadi 1972, uliogusa Kanda ya Ziwa yote. Wataalamu walikaa na wakulima na wavuvi, wakatunga vitabu vya kisomo kuhusu pamba, ndizi, ng'ombe na uvuvi. Mvuvi alijifunza herufi kwa nyavu na mtumbwi wake. Baadaye wakaona mtu aliyejua kusoma akikosa cha kusoma anasahau, basi likaanzishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho, likitolewa hapahapa Mwanza. Mwalimu Nyerere alipotangaza 1971 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Ukerewe yetu ikawa kati ya wilaya sita zilizopewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya wengine.

Nilikuwa kijana, nikafundisha darasa la jioni chini ya mwembe, na mama yangu mzazi alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa anakunja jicho moja, anafuata mstari kwa ukucha wa kidole gumba. Msimu uliofuata alipopeleka pamba mzanini alisoma mwenyewe kilo zilizoandikwa kwenye karatasi yake, kwa sauti, watu wakimsikia. Tangu siku hiyo karani alimwamkia yeye kwanza.

Kwa hiyo mimi nasema shida ya maboksi yenu ni kwamba hayana cha mzanini. Kitabu kimfae mtu kwenye maisha yake, atakitafuta hata kama kimefichwa.

#8 Mkutubi Mstaafu
Shikamoo mzee. Rekebisho dogo: Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima ulikuwa 1970. Mwaka 1971 ni ule wa kampeni ya wilaya sita, Ukerewe ikiwa pamoja na Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Tanga. Mengine yote ni kama ulivyosema. Na kazi ile ilionekana, maana wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967, na kufikia 1986 hesabu ya serikali iliwaweka chini ya asilimia 10.

#9 Dagaa wa Mwaloni
Uzi umepata wazee sasa. Nimeacha mizani kwa kijana wangu, endeleeni.

#10 Mtoto wa Pasiansi
Wakuu, naandika kutoka Ujerumani, nipo huku na familia. Niwaeleze upande wa wanaotoa, maana hapa naona haujagusiwa. Uhusiano wenyewe si mgeni: Mwanza na Würzburg ya huku Ujerumani ni miji rafiki tangu 1966.

Shuleni kwa mwanangu nao walikuwa na mada ya nchi zinazoendelea. Kila kundi likapewa nchi, likatengeneza bango. Bango la Tanzania lilikuwa na mgunga mmoja, jua kubwa, na mtoto amebeba ndoo kichwani. Mwanangu akarudi nyumbani ananiuliza kama bibi ana maji. Bibi yake yuko Pasiansi, anapangisha fremu za maduka na jioni hakosi tamthilia yake ya Kituruki.

Sikukasirika. Nilimwomba mwalimu anipe kipindi kimoja. Nikawaonyesha Jiwe la Bismarck, nyumba za Mabatini zilivyopanda juu ya mawe, Mwaloni alfajiri mitumbwi inaposhusha, daladala zimebanana Buzuruga. Nikawaambia mkoa wa Mwanza peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 3.6 kwenye sensa ya 2022. Walinyamaza kidogo, kisha maswali yakamiminika. Watoto wa huko wanacheza nini mvua ikinyesha? Wanaogopa mnyama gani? Usiku wanasimuliwa hadithi gani?

Mwalimu wao baadaye akaniambia vitabu vilikuwa njia tu, alitaka watoto wake wajue kuna watu kweli upande wa pili. Ndiyo maana namwambia mjumbe, msipeleke orodha ya vitabu peke yake. Watoto wenu waandike. Kila mmoja aandike ukurasa kuhusu kitu anachokijua, kivuko, senene, mjukuu na babu, chochote, na mchoro wake. Wale wa huku waandike vyao. Vikusanywe, vichapwe pamoja kwa Kiswahili na Kijerumani. Hicho ndicho kitabu ambacho stoo haitakiweza.

#11 Kijana wa Makoroboi
Wazo zuri dada, lakini ndivyo inavyokuwa kila siku: wao wanajifunza kuhusu sisi, sisi tunabaki kuwa somo. Watoto wa Sengerema nao wapewe mada ya Ujerumani. Wachore bango lao, tuone watachora nini.

#12 Mtoto wa Pasiansi
Naunga mkono #11 asilimia mia. Na wawatumie.

#13 Mchapaji wa Nyamagana
Nimechelewa uzi. Naandika na kuchapa vitabu vya watoto, kwa hiyo nina maslahi hapa, nayasema wazi.

Kitabu cha bure kina gharama, ila anayeilipa hayumo kwenye picha. Shule ikipata maboksi ishirini ya bure, mwaka huo haitaona sababu ya kununua hata kitabu kimoja cha Kiswahili dukani. Duka linafunga. Mchapaji anapunguza nakala, bei ya kila nakala inapanda. Kisha tunalalamika vitabu vya Kiswahili vya watoto ni vichache na ghali. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ya vitabu vya kiada haifiki mikononi mwa shule. Kinachobaki kinagombaniwa na chaki, mitihani na ukarabati.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza hapa nchini 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada ulikuwa unanunua sehemu kubwa ya nakala kwa mchapaji wa Kitanzania na kuzipeleka shuleni. Mwandishi wa hapa analipwa, mchapaji wa hapa anapumua, mtoto anasoma lugha yake. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo tangu 2023 inatoa washindi kila mwaka, waandishi tunao. Mjumbe, waambieni Wajerumani wauze keki, wakusanye hizo euro, vitabu vinunuliwe Mwanza.

#14 Mjumbe wa Busisi
#13 nimekuelewa, na nusu ya kamati inasema hivyo hivyo. Lakini mwalimu wao ameandika kwamba shule yao hairuhusiwi kutuma fedha bila shirika lililosajiliwa katikati. Na watoto wao wanataka kushika kitabu kwa mikono yao, kukifunga, kuandika jina. Tukiwaambia fedha tu, nahisi moto utazimika.

#15 Wakala wa Bandarini
Kwa upande wa mzigo. Vitabu havina ushuru wa forodha Afrika Mashariki, na kuna Mkataba wa Florence wa UNESCO wa 1950 unaolinda vitabu na vifaa vya elimu. Hapo watu hufurahi, wanadhani mzigo unapita bure. Haupiti bure. Kuna gharama za bandari, wakala, nyaraka, na mzigo ukikaa siku nyingi kuna tozo ya kukaa. Halafu lori kutoka Dar hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100. Nimeona shehena ya vitabu ikikaa hadi gharama zikazidi thamani yake kwa sababu karatasi ya mpokeaji iliandikwa jina la mtu badala ya shule.

Kama ni maboksi machache, watume kwa posta au wampe mtu anayesafiri. Kontena waachie mashirika yanayolijua.

Na habari njema, Sengerema siku hizi si kazi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori linapita moja kwa moja.

#16 Dagaa wa Mwaloni
Kilomita tatu juu ya maji, foleni ya kivuko kwaheri. Ila mama ntilie wa pale kivukoni walipoteza wateja, nao tuwakumbuke.

#17 Binti wa Igoma
Kwa nini bado tunazungumza karatasi? Walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao. Kuna hadithi za Kiswahili nyingi za bure mtandaoni. Waombeni Wajerumani vishikwambi vitano na paneli ya sola, mmemaliza. Mchwa hali kishikwambi.

#18 Mkutubi Mstaafu
Binti, jambo hilo lilijaribiwa Tanga. Shindano la XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wa vijiji vya kule, wengi wao hawakuwa wanasoma shule, na vituo vya kuchajia vya sola. Ilikwenda tangu mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, na washindi wawili wakagawana dola milioni 10. Watoto walijifunza kweli. Lakini kila kijiji kilikuwa na mtu wa kulinda kituo cha kuchajia, na vifaa vilifuatiliwa kila wiki. Ukiondoa mtu huyo, unabaki na kabati lingine lililofungwa, safari hii lina betri.

#19 Binti wa Igoma
Sawa, lakini hapo umesema mwenyewe kwamba walijifunza. Kwa hiyo tatizo ni mtu, si kifaa. Basi hata vitabu tatizo ni mtu.

#20 Mwl wa Nyakato
#19 mtu yupi? Mwalimu mwenye watoto mia na kumi?

Mnakumbuka chenji ya rada? Ile pauni milioni 29.5 ambayo BAE Systems ya Uingereza ililipa 2012 kwa sababu ya rada iliyoiuzia serikali yetu. Ikanunuliwa vitabu vya kiada na madawati kwa shule za msingi nchi nzima. Vile vilifika, viligawanywa, watoto walivitumia hadi majalada yakatoka. Mwalimu ni yule yule, kabati ni lile lile, leja ni ile ile. Tofauti ni kwamba vilikuwa kwenye ratiba, na mtihani ulitoka humo.

#21 Mama wa Misungwi
Naomba niseme kama mzazi. Mnapita mbali na mtoto. Ripoti za Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, tangu 2010 zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, ya Kiswahili. Ndiyo maana 2015 darasa la kwanza na la pili likarudishwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kama mtoto herufi hazijamkaa, ukimletea kitabu cha Ujerumani au cha Nyamagana ni sawa tu, hakisomi.

Na akirudi nyumbani? Wa kwangu anafika saa kumi, maji, kuni, kuanua dagaa kabla ya mvua, mdogo wake mgongoni. Giza likiingia taa ni moja na iko jikoni. Mimi nilianza kumwambia anisomee wakati napika. Anasoma mistari, nikisonga ugali ananyamaza, nikikoroga mboga anaendelea. Kitabu ni hicho hicho kimoja, cha shule, tunakirudia. Angekuwa na cha pili angekisoma.

#22 Kijana wa Makoroboi
Mama hapo umeniangusha. Lakini umesema cha Kiswahili, tukumbuke.

#23 Mwl wa Nyakato
Kijana umeng'ang'ania, basi nikupe kisa kinyume na hoja yako. Katika maboksi niliyokabidhiwa kulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza cha samaki wa dunia. Ukurasa mmoja una sangara, mkubwa, amelala kwenye meza na mtu amesimama pembeni. Watoto wa wavuvi walikiona nikiwa nasahihisha madaftari. Kesho yake walikuwa kumi na zaidi mezani kwangu. Maelezo yalisema samaki huyu aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Mmoja akapinga, babu yake amemwambia sangara alikuwapo siku zote. Mwingine akasema hapana, zamani walikuwa furu, sangara ndiye aliyewamaliza. Wakaenda kwa mwalimu wa Kiingereza mmoja mmoja kumuuliza maneno. Ukurasa ule sasa umechanika kati, umeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Vitabu vingine vya boksi lile bado vyeupe.

Kwa hiyo mimi sasa ninaelekea kwa Mzee wa Kagunguli. Walikuta cha kwao.

#24 Kijana wa Makoroboi
Kitabu kimoja kati ya boksi zima, mwalimu. Kingekuwa cha Kiswahili wangekisoma chote, si ukurasa wa sangara tu.

#25 Mzee wa Kagunguli
Mwalimu umenifurahisha. Kisa hicho nitawasimulia wajukuu.

Niongeze moja kwa wanaodhani ziwa halina vitabu. Aniceti Kitereza, Mkerewe wa kwetu, alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Alihangaika kupata mchapaji kwa miaka mingi, mpaka akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa 1980 na Tanzania Publishing House, na mwaka uliofuata akafariki. Ndani yake kuna uvuvi, kilimo, ndoa, dawa, mazishi, maisha ya Ukerewe yote. Ni shule ngapi za Ukerewe zina nakala? Nendeni mkaangalie. Halafu tunaandika barua ng'ambo kuuliza tusome nini.

#26 Mchapaji wa Nyamagana
Heshima yako mzee. Hapo ndipo penye kidonda.

#27 Mkutubi Mstaafu
Mjumbe, kabla ya barua naomba ufanye kitu. Mwambie mwalimu mkuu mfungue hayo maboksi ya stoo. Yote. Tunabishana kuhusu vitabu ambavyo hakuna aliyeviona.

#28 Mjumbe wa Busisi
Wakuu, nimerudi. Jumamosi tulifungua, mimi, mwalimu wa taaluma na wazazi wanne. Boksi la chini kabisa mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma, limebaki ganda, ukiligusa linamwagika vumbi. Mengine mazima. Kiingereza vingi, baadhi vizuri sana vya picha za wadudu na mwili wa binadamu. Kijerumani vichache. Vya kompyuta, vya programu ambazo hazipo tena.

Lakini maboksi mawili yalikuwa ya Kiswahili. Hadithi za watoto, zimechapwa hapa nchini, mpya, harufu ya wino bado imo. Hakuna mwalimu aliyejua kwamba yalikuwamo. Mtoto wa mzazi mmoja aliketi mlangoni, akachukua kimoja, hakunyanyua kichwa hadi tumemaliza.

#29 Mwl wa Nyakato
Kijana wa Makoroboi njoo huku.

#30 Kijana wa Makoroboi
Nipo. Mimi naona hilo limenithibitishia. Walipoona maboksi ya juu ni Kiingereza, nani angehangaika kufika la chini? Na yule mtoto wa mlangoni alichukua lugha gani?

#31 Mama wa Misungwi
Wala si lugha. Ni kwamba maboksi hayakuwa na mwenyewe. Hapo kuna mzazi amekaa na mtoto ameketi, kitabu kimesomwa.

#32 Mjumbe wa Busisi
Barua tunaiandika hivi, mnirekebishe. Tunawaomba vitabu vya picha vya wanyama, samaki, mwili na dunia, Kiingereza rahisi, visizidi maboksi matatu. Vya kiada hapana, vilivyoondolewa maktaba hapana. Kama watapata shirika la kupitishia fedha, basi zinunue hadithi za Kiswahili hapa Mwanza. Na watoto wetu wanatuma kurasa zao pamoja na bango la Ujerumani kama alivyosema #11. Mwalimu mkuu bado anataka tuongeze vitabu vya sarufi ya Kiingereza, tumekubaliana kutokubaliana. Suala la leja halijaguswa, mwalimu wa taaluma anasema hawezi kugawa bila maandishi ya kumlinda.

#33 Mkutubi Mstaafu
Daftari la kuazima, safu nne: namba ya kitabu, jina la mtoto, tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi. Kamati ipitishe kwenye muhtasari kwamba kitabu cha ziada kikichakaa au kupotea mikononi mwa mtoto, mwalimu hadaiwi. Mpe nakala akae nayo.

#34 Mwl wa Nyakato
Muhtasari wa kamati haumfungi mthibiti ubora, mzee wangu. Nimeona ukikataliwa.

#35 Mkutubi Mstaafu
Nami nimeona ukikubaliwa.

#36 Dagaa wa Mwaloni
Naomba kuuliza. Huku mwaloni kuna vijana wamemaliza darasa la saba, wanasubiri mitumbwi kutwa nzima, wengine walikuwa wanajua kusoma vizuri na sasa wanaanza kusahau. Hilo daftari la kuazima linawaruhusu na wao, au ni la wenye sare tu?

#37 Mwl wa Nyakato
Kwa vitabu vya shule, ni wenye sare tu. Mtu wa nje hana safu kwenye leja.

#38 Mzee wa Kagunguli
Basi iongezwe safu.